Timu imejaa majeruhi: nini cha kukagua kabla ya kudai biashara ya wachezaji

Kila msimu wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, kuanzia Desemba hadi mapema Februari, malalamiko ni yaleyale. Nyota kaumia, timu inapoteza mechi, na mashabiki wameshapanga nani aondoke na nani aletwe kwa biashara, yaani timu kubadilishana wachezaji. Mwongozo huu nimeupanga kwa dalili, jinsi mashabiki wa timu mbalimbali wanavyozilalamikia. Chini ya kila dalili sababu ya kawaida imetangulia na ile ya nadra iko mwisho. Ukaguzi mwepesi unakuja kwanza, hatua nzito baadaye. Palipoandikwa "Ishia hapa", jambo limeshatoka mikononi mwa shabiki na mchambuzi: ni la daktari au la mwanasheria wa mikataba.

Kabla ya kugusa dalili yoyote, andika tarehe tatu mahali pamoja: majeruhi anatarajiwa kurudi lini, dirisha la biashara linafungwa lini, mchujo (mechi za kuwania ubingwa) unaanza lini. Dirisha hufungwa mapema Februari saa 9 alasiri kwa saa za New York, yaani saa 5 usiku Nairobi na Dar es Salaam. Mchujo huanza katikati ya Aprili. Mchezaji anayerudi mwishoni mwa Februari na yule anayerudi Oktoba ni matatizo mawili tofauti kabisa, hata kama leo wote wamekaa benchi na suti. Biashara nyingi mbovu huanzia hapo: timu inalipa gharama ya miaka mitano kwa pengo la wiki sita, au inamngoja mtu ambaye msimu huo harudi.

Dalili ya 1: "Tangu aumie tunapoteza tu. Aletwe nyota mwingine haraka."

Sababu inayotokea zaidi ni ratiba. Fungua orodha ya mechi ulizopoteza: ngapi zilikuwa ugenini, ngapi zilichezwa usiku wa pili mfululizo, ngapi dhidi ya timu zilizo juu? Mara nyingi timu ingepoteza nusu ya hizo hata akiwa mzima.

Ya pili ni mgawanyo wa dakika. Mechi ya dakika 48 yenye watu watano uwanjani inatoa dakika 240 za kugawana. Chukua karatasi. Tuseme aliyeumia alikuwa anacheza dakika 34. Andika zimekwenda kwa nani: 12 kwa mkongwe wa benchi, 10 kwa kijana wa mwaka wa pili, 6 kwa gadi aliyesogezwa nafasi isiyo yake, na zilizobaki zimeongezwa kwa nyota wa pili ambaye sasa anacheza dakika 40 na robo ya nne miguu imekwisha. Ukiona picha hiyo, kinachotafutwa ni mtu wa dakika 20 za kawaida ili wengine warudi kwenye kazi zao. Mtu wa namna hiyo hugharimu chaguo la raundi ya pili (haki ya kuchagua kijana mpya kwenye drafti ya kila mwaka, ambako timu zilizofanya vibaya huchagua mapema), wala hahitaji kuuziwa mustakabali wa timu.

Ya tatu: kazi moja mahususi imekosa mwenyewe. Angalia kilichoshuka. Ni ribaundi za ulinzi? Ni wapinzani kufunga chini ya ring'i? Ni mipira kupotea kwa sababu hakuna wa kuipandisha? Ukishaitaja kazi, tafuta mwenye kazi hiyo, usitafute jina.

Ya mwisho, na ni nadra kuliko watu wanavyodhani: timu ilikuwa dhaifu tangu mwanzo, na aliyeumia alikuwa anafunika udhaifu huo.

Mfano mzuri ni Toronto, msimu wa 2018–19. Senta wao Jonas Valančiūnas aliumia kidole gumba Desemba 2018. Timu haikukimbilia sokoni, kwa kuwa Serge Ibaka, mzaliwa wa Brazzaville, aliibeba nafasi hiyo na ushindi uliendelea. Walisubiri hadi siku ya mwisho ya dirisha, 7 Februari 2019, ndipo wakamtoa Valančiūnas, Delon Wright, C.J. Miles na chaguo moja la raundi ya pili kumpata Marc Gasol kutoka Memphis. Swali walilolijibu lilikuwa la Mei, la nani atamzuia Joel Embiid kwenye mchujo, wala si la jeraha la Desemba. Gasol alimbana Embiid katika mfululizo wa mechi saba na Toronto wakaibuka mabingwa mwaka huo. Aliyekuwa akiiongoza ofisi ile ni Masai Ujiri, ambaye mama yake ni Mkenya, na kwa maoni yangu utulivu wake wa majira yale unastahili kusomwa na kila anayeshika kiti cha meneja mkuu.

Dalili ya 2: "Wagonjwa ni wengi mno, hata benchi haijai."

Hapa biashara huwa dawa ya mwisho. NBA inataka timu iwe na wachezaji wasiopungua 8 waliovaa jezi, na kuna njia za bei nafuu za kufika hapo.

Anza na wachezaji wa mikataba ya njia mbili, wale wanaozunguka kati ya timu kubwa na timu ya G League, ligi ndogo ya NBA ya kukuzia wachezaji. Kila timu inaruhusiwa watatu, na kila mmoja anaweza kuwa kwenye kikosi cha NBA kwa mechi 50 tu. Kisha kuna mikataba ya siku 10, inayofunguliwa Januari 5. Na ikiwa watu wanne au zaidi wameshakosa mechi tatu kila mmoja na bado wana wiki mbili mbele nje ya uwanja, timu yenye kikosi kilichojaa watu 15 inaweza kuomba ruhusa ya dharura ya kumwongeza wa 16.

Memphis ya 2023–24 ilizitumia njia hizi kuliko timu yoyote. Steven Adams alifanyiwa upasuaji wa goti kabla msimu haujaanza. Ja Morant alifungiwa mechi 25, akarudi akacheza 9, kisha bega likamtoa hadi mwisho wa msimu. Timu ilitumia wachezaji 33, rekodi ya ligi, ikamaliza na ushindi 27 na vipigo 55. Kuziba pengo la Adams walimchukua Bismack Biyombo wa Lubumbashi, akawaanzia mechi nyingi, na alipoachwa Januari, Oklahoma City wakamsajili. Lakini faida iliyobaki Memphis ilikuwa ya vijana. Vince Williams Jr. na GG Jackson waliuanza msimu kwa mikataba ya njia mbili, na kabla haujaisha wote wawili walikuwa na mikataba kamili. Kama timu ingenunua wakongwe wa kujazia, vijana hao wasingepata dakika zile. Mwaka uliofuata Memphis walishinda mechi 48.

Sababu ya kina zaidi ya benchi tupu ni pesa, na hiyo ndiyo inayoumiza. Dallas waliigusa Machi 2025. Kiangazi cha 2024 walimleta Klay Thompson kwa njia ya kumsajili na kubadilishana kwa wakati mmoja (timu yake ya zamani humsaini, kisha humtuma papo hapo kwa biashara), na sheria inasema timu inayompokea mtu kwa njia hiyo haiwezi kuvuka aproni ya kwanza, mmoja wa mistari ya jumla ya mishahara ya timu, msimu mzima kwa hali yoyote. Februari wakafanya biashara zikawafikisha ukingoni kabisa: nafasi iliyobaki ilikuwa takriban dola 51,000. Kisha Kyrie Irving akachanika kano ya goti Machi 3, Anthony Davis alikuwa nje, na masenta nao walikuwa nje. Nafasi ya mtu kwenye kikosi ilikuwepo, lakini hata mkataba wa siku 10 haukuenea kwenye fedha hizo mpaka Aprili. Wachezaji wao wa njia mbili walikuwa wanaikaribia mechi ya 50. Watu wazima wenye shahada za uhasibu walihesabu siku kwa siku ili timu isishindwe kuingia uwanjani.

Kwa hiyo ukaguzi wa lazima kabla ya biashara yoyote ya timu yenye majeruhi: je, timu imefungwa na ukomo mgumu, yaani mstari isioruhusiwa kuuvuka kama ule wa Dallas? Ikiwa ndiyo, baada ya biashara unayoipendekeza kunabaki fedha za kumsaini mtu mmoja wa dharura? Kama hazibaki, pendekezo hilo ni hatari hata kama majina yake yanapendeza.

Dalili ya 3: "Tumepata mtu anayefaa, lakini hesabu inakataa."

Sababu, kwa mpangilio wa jinsi zinavyojitokeza:

Timu iko juu ya aproni. Msimu wa 2025–26 ukomo wa mishahara ni dola milioni 154.6, aproni ya kwanza milioni 195.9, ya pili milioni 207.8. Aliye juu ya ya kwanza haruhusiwi kupokea mishahara inayozidi anayoitoa, hata kwa dola moja. Aliye juu ya ya pili hawezi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili kumpata mmoja wa bei kubwa, na hawezi kutuma fedha taslimu. Mapendekezo mengi ya mtandaoni ya "tunatoa watatu tunapata mmoja" hufia hapa.

Mchezaji bado hajaruhusiwa kuhama. Aliyesajiliwa kiangazi hawezi kubadilishwa kabla ya Desemba 15, na baadhi kabla ya Januari 15. Aliyetoka kwenye biashara nyingine juzi hawezi kuunganishwa na mwenzake kwa miezi miwili.

Chaguo la drafti haliruhusiwi kutolewa. Timu haiwezi kujiacha bila chaguo la raundi ya kwanza miaka miwili mfululizo ijayo. Sheria hiyo ilizaliwa na vituko vya Ted Stepien, mmiliki wa Cleveland miaka ya 1980, aliyegawa machaguo mpaka ligi ikaingilia. Tena huwezi kutoa chaguo la zaidi ya miaka saba mbele.

Kikosi kimejaa. Ukitoa mmoja ukapokea watatu, wawili waliopo lazima waachwe, na mishahara yao inaendelea kuhesabiwa.

Ukishapita hapo na bado hesabu haikai, kuna ruhusa maalumu kwa timu iliyopoteza mtu kwa msimu mzima. Daktari anayeteuliwa na ligi akithibitisha kwamba mchezaji hataweza kucheza hadi Juni 15, timu hupewa fungu lenye thamani ya nusu ya mshahara wake, lakini lisizidi kiwango cha kati cha usajili cha mwaka huo (fungu la kawaida la kumsajili mchezaji hata timu ikiwa imevuka ukomo wa mishahara). Maombi hufungwa Januari 15, fungu lenyewe hufa Machi 10, na linamnunua mtu mmoja tu, ambaye mkataba wake unaisha msimu huohuo kama anakuja kwa biashara. Wengi hudhani linaongeza nafasi kikosini au linafuta kodi inayotozwa timu zenye mishahara mikubwa. Halifanyi lolote kati ya hayo.

*Ishia hapa:* ukijikuta unahesabu bonasi za mkataba zinazoweza kutimia au kutotimia, au mkataba wenye sehemu isiyo na dhamana, acha. Vipengele hivyo ndivyo vinavyoweza kuivusha timu juu ya mstari bila kutarajia, na kila timu ina mtu anayelipwa kwa kazi hiyo peke yake.

Dalili ya 4: "Hakuna anayemtaka majeruhi wetu," au "Biashara ilitangazwa kisha ikafa."

Kwa kawaida anatafutwa mnunuzi asiye sahihi. Timu inayowania ubingwa mwaka huu haina haja na goti litakalopona mwakani. Tafuta yenye subira. Februari 2024 Memphis walimpeleka Steven Adams Houston akiwa hachezi kabisa, wakapokea machaguo matatu ya raundi ya pili pamoja na Victor Oladipo, naye majeruhi. Houston walijua hatagusa mpira hadi msimu ujao. Msimu huo ulipofika, wakiwa na Adams anayekusanya ribaundi za ushambuliaji kwa nguvu ambazo wachache wanazo, walimaliza wa pili katika kanda ya Magharibi kwa ushindi 52.

Sababu ya pili ni vipimo. Biashara ya NBA haikamiliki mpaka madaktari wa pande zote waridhike. Februari 2025 Lakers walikuwa wamempata Mark Williams wa Charlotte kwa Dalton Knecht, Cam Reddish, chaguo la raundi ya kwanza la 2031 na haki ya kubadilishana chaguo la 2030. Siku chache baadaye vipimo vikaivunja, na kila mtu akarudi alikotoka huku dirisha limeshafungwa. Knecht na Williams walilazimika kuvaa tena jezi za timu zilizokwisha kuwaaga. Vipimo visipovunja biashara, huweza kupandisha bei: Agosti 2017, nyonga ya Isaiah Thomas iliwafanya Boston waongeze chaguo moja la raundi ya pili ili Cleveland wakubali kumwachia Kyrie Irving.

Ukaguzi mwepesi: pendekezo lako likimhusisha mwenye historia ya jeraha, je, limewekwa siku ya mwisho ya dirisha? Likivunjika siku hiyo hakuna nafasi ya kujaribu lingine. Biashara za watu wenye majeraha zinafaa kufanywa wiki mbili kabla.

*Ishia hapa:* usikisie ugonjwa wa mtu kutoka kwenye video. Kwa kano ya Achilles, kwa mgongo, na zaidi ya yote kwa donge la damu, mjadala wa biashara unasimama mpaka madaktari waseme. Madonge ya damu ndiyo yaliyoimaliza kazi ya Chris Bosh akiwa Miami, na Februari 2025 Victor Wembanyama wa San Antonio alitolewa msimu mzima kwa donge begani. San Antonio walikuwa wametoka kumnunua De'Aaron Fox wiki chache tu kabla. Afya ya kijana wa miaka 21 haipimwi kwa nafasi kwenye msimamo.

Dalili ya 5: "Tumeleta mtu, naye ameumia."

Sababu ya kawaida: aliletwa akiwa mgonjwa tayari. Watu huhesabu mechi za msimu uliopita wakaridhika. Anthony Davis alikuwa amecheza mechi 76 msimu wa 2023–24, idadi nzuri kwa mtu mrefu. Lakini Dallas walipomchukua Februari 2025 kwa kumtoa Luka Dončić, alikuwa nje kwa jeraha la misuli ya tumbo. Mechi yake ya kwanza, Februari 8 dhidi ya Houston, alifunga pointi 26, akachukua ribaundi 16 na kutoa asisti 7, kisha akatoka na maumivu ya kinena kabla ya robo ya tatu kuisha. Hakurudi mpaka Machi 24. Kwa hiyo kagua hali ya mwezi huu kwanza, historia baadaye, kisha umri.

Sababu nyingine: mgeni anabebeshwa dakika za watu wawili kwa sababu timu ina haraka. Rudi kwenye karatasi ya dakika 240.

Dalili ya 6: "Msimu umeshaharibika. Tuuze au tungoje?"

Swali hili ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote, na watu hulijibu kwa hasira. Kagua kwanza kama chaguo lako la drafti ni lako. Philadelphia ya 2024–25 ilipata Embiid kwa mechi 19 tu na kuishia na ushindi 24. Chaguo lao lilikuwa la Oklahoma City endapo lingetoka nje ya nafasi sita za juu. Kila ushindi wa Machi ulikuwa na gharama. Bahati nasibu ya drafti ikawapa nafasi ya tatu, wakamchukua VJ Edgecombe. Wakati huohuo hawakukaa kimya: Februari walimtoa Caleb Martin wakampata Quentin Grimes kutoka Dallas, kijana wa miaka 24 aliyegeuka mfungaji wao wa kutegemewa.

Chaguo likiwa lako na nyota wanarudi mwakani, usiwauze nyota. Uza kile kisichoendana nao. Golden State msimu wa 2019–20 walimkosa Klay Thompson mwaka mzima, Stephen Curry alivunjika mkono Oktoba 30 akacheza mechi 5 tu, na timu ikawa ya mwisho ikiwa na ushindi 15. Mashabiki wengi walidhani zama zimekwisha. Februari 2020 walimpeleka D'Angelo Russell, mfungaji hodari aliyecheza nafasi ileile ya Curry, Minnesota. Walipokea Andrew Wiggins na chaguo la raundi ya kwanza la 2021 lenye kinga ya nafasi tatu za juu (likiangukia humo, Minnesota wangebaki nalo mwaka huo). Chaguo hilo lilitua nafasi ya saba likawa Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma. Wiggins alimkaba Jayson Tatum katika fainali za 2022 na Golden State wakachukua kombe. Biashara ile ilifanywa na timu iliyokuwa mkiani, kwa ajili ya timu ambayo ingekuwepo miaka miwili baadaye.

Hali ikiwa kinyume, yaani nyota ameumia vibaya, ana miaka 33 na mkataba wake ni mrefu, kungoja ndiko kunakogharimu. Hapo sokoni ndiko kwa kwenda, hata kwa bei ya chini.

Dalili ya 7: "Amerudi, sasa wamezidi."

Mara nyingi si tatizo. Baada ya wiki tatu dakika hujipanga. Likiwa tatizo baada ya dirisha kufungwa, timu inaweza kuvunja mkataba na mkongwe kwa makubaliano ili akatafute kwingine. Angalia kalenda kabla ya kumshauri kocha amweke nje: mchezaji lazima awe ameachwa kabla ya Machi 1 kuisha ili aweze kucheza mchujo na timu mpya. Na asiyehitajika leo ndiye atakayeitwa kesho kifundo cha mguu cha mwenzake kikiteguka, hivyo timu yenye historia ya majeruhi humshikilia mpaka wiki ya mwisho ya Februari ndipo iamue.